Kathodi haikuwa na kosa: kisa cha Moli Energy na molibdeni disalfaidi

Mwaka 1989 simu ya mkononi ilishika moto nchini Japani na kumuunguza mtumiaji wake. Betri iliyokuwa ndani yake ilitengenezwa Kanada na kampuni ya Moli Energy, ambayo wakati huo ilikuwa karibu peke yake duniani katika kuwauzia watu wa kawaida betri za lithiamu zinazochajiwa tena na tena. Betri zikarudishwa kutoka sokoni. Mwaka uliofuata kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi, ikanunuliwa na kundi la makampuni ya Kijapani yakiwemo NEC na Mitsui.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha lithiamu metali, yaani anodi (upande hasi wa betri) iliyoota miiba na kuwasha moto. Usimulizi huo ni sahihi, ila unaishia njiani. Upande wa pili wa seli ile kulikuwa na kathodi (upande chanya) ya molibdeni disalfaidi, MoS2, maada ya matabaka ambayo leo imo karibu katika kila mjadala wa elektrodi za vipimo viwili, yaani zenye unene wa atomi chache tu, pamoja na grafini (tabaka moja la kaboni) na MXene (matabaka membamba ya metali na kaboni au nitrojeni). Kathodi hiyo haikuwaka wala haikuchakaa mapema. Hata hivyo, ndiyo iliyolazimisha lithiamu metali iwepo, kwa sababu ilifika kiwandani bila chembe ya lithiamu ndani yake. Hapo ndipo ninapoona fundo la kisa chote, na ndipo elektrodi nyingi za vipimo viwili zinazosifiwa leo zinapojikwaa tena.

Kwa nini MoS2

Molibdeni disalfaidi haihitaji kubuniwa na mtu. Huchimbwa ardhini kama madini ya molibdenaiti, na jimbo la British Columbia, ilikokuwa Moli, lina mgodi mkubwa wa molibdeni huko Endako. Mafundi wa mitambo mizito wanaijua kama unga mweusi unaotiwa kwenye grisi. Inateleza kwa sababu ya umbile lake: kila tabaka ni safu ya atomi za molibdeni iliyobanwa katikati ya safu mbili za atomi za salfa. Ndani ya tabaka vifungo ni imara kabisa, lakini kati ya tabaka moja na jingine kuna mvutano hafifu tu, ule wa van der Waals. Kutoka tabaka hadi tabaka ni takriban nanomita 0.62. Umbile hilohilo linaloifanya iteleze ndilo linaloacha upenyo wa ioni za lithiamu kuingia na kutoka bila kuubomoa mwili wa fuwele.

Wazo la kutumia matabaka ya salfaidi kama kathodi halikuanzia Kanada. Stanley Whittingham, akiwa katika maabara za Exxon huko Marekani, alichapisha mwaka 1976 katika jarida la Science kazi yake juu ya titani disalfaidi, TiS2. Kwa karatasi, TiS2 inaishinda MoS2 kila upande: ni nyepesi zaidi, inapitisha umeme vizuri tangu mwanzo, na gramu moja inabeba miliampea-saa 239 dhidi ya 167 za MoS2, kila moja ikipokea lithiamu moja kwa molekuli. Kiwandani mambo hugeuka. TiS2 lazima itengenezwe na kutunzwa mbali na unyevu, maana ikikutana na maji hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza. MoS2 haijali hewa. Rudi Haering, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliyeanzisha Moli mwaka 1977, alichagua maada ya bei nafuu, tulivu na inayopatikana karibu. Mimi nisingemlaumu kwa uchaguzi huo.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. MoS2 inavyotoka mgodini ni nusu-kipitishi, na kila molibdeni imezungukwa na salfa sita katika umbo la mche wa pembetatu. Wanakemia huiita aina hii 2H. Lithiamu inapoingia huleta elektroni moja, na elektroni hiyo haina mahali pazuri pa kukaa, kwa kuwa ngazi ya chini ya nishati imeshajaa na inayofuata iko juu mno. Mfumo unajiokoa kwa kujipanga upya. Safu ya salfa inateleza kidogo, molibdeni inajikuta katikati ya umbo la pande nane, na maada nzima inageuka kuwa kama metali. Hiyo ndiyo 1T. Maelezo ya mageuzi haya yalitoka katika kundi lilelile la Haering, mwaka 1983.

Lakini kabla ya maelezo kupatikana, matumizi yalikuwa yameshapatikana. Hati ya hataza ya mwaka 1980 yenye majina ya Haering, James Stiles na Klaus Brandt inaeleza jinsi ya kuilazimisha seli ipite kwenye mageuzi hayo mara moja kwa makusudi, kisha iendelee kufanya kazi katika umbile jipya. Baada ya hapo kathodi huingiza na kutoa lithiamu kwa wepesi kati ya takriban volti 2.4 na 1.1. Mpaka wa chini ulikuwa na sababu. Ukiivuta MoS2 hadi karibu volti 0.6 na kwenda chini, matabaka yanavunjika kabisa, inabaki metali ya molibdeni ndani ya lithiamu salfaidi, na hakuna chaji itakayoyarudisha. Ndani ya mipaka yake, kathodi hii ilistahimili mamia ya mizunguko.

Hesabu ya upande wa pili

Seli ikitoka kiwandani na kathodi tupu, lithiamu yote itakayosafiri lazima itoke kwenye anodi. Miaka ile ilimaanisha karatasi nyembamba ya lithiamu metali. Kwa uzito hakuna kinachoifikia: miliampea-saa 3,860 kwa gramu. Tatizo ni kwamba lithiamu metali haina nyumba. Ioni zinaporudi wakati wa kuchaji hazina matabaka ya kuingia, zinajibandika juu ya uso popote mkondo wa umeme ulipo mkali zaidi, na palipoinuka kidogo ndipo panapozidi kuinuka.

Kila kipande kipya cha uso kinachojitokeza hugusana na elektroliti, yaani majimaji yanayopitisha ioni ndani ya seli, na kutengeneza utando. Utando huo hula lithiamu. Tuseme asilimia 99 ya lithiamu inarudi salama katika kila mzunguko, kiwango ambacho kwa lithiamu metali ya enzi hizo kilikuwa cha kujivunia. Baada ya mizunguko 100 inabaki asilimia 37 tu ya ile ya mwanzo. Ukifika asilimia 99.9 inabaki 90. Dawa ya wakati ule ilikuwa kuweka lithiamu ya ziada, mara kadhaa zaidi ya mahitaji ya kathodi, ili upungufu usionekane. Na kweli haukuonekana: mtumiaji aliona betri inayodumu, mhandisi aliona mchoro wa uwezo ulionyooka.

Kilichokuwa kinabadilika ni sura ya lithiamu. Karatasi laini ya siku ya kwanza iligeuka sifongo ya vinyweleo, uso wake ukiongezeka mara nyingi zaidi bila uzito kuongezeka. Lithiamu ya namna hii huanza kumenyana na elektroliti kwa joto dogo kuliko karatasi mpya, na joto linalotoka haliwahi kuondoka. Lithiamu huyeyuka kwa nyuzi 180.5 za Selsiasi. Ikishafika hapo, kitenganishi cha plastiki kimekwisha kusinyaa na kathodi na anodi zinakutana ana kwa ana. Seli mpya ikitobolewa au kupashwa joto maabara inaweza kufaulu majaribio yote ya usalama. Seli hiyohiyo baada ya mwaka mmoja mfukoni mwa mtu ni kitu kingine. Hili ndilo somo gumu la 1989: usalama ulipimwa kwa seli changa, na ajali ikatokea kwa seli zilizotumika.

Swali la nani amebeba lithiamu

Mwaka 1980, mwaka uleule wa hataza ya Haering na wenzake, kundi la John Goodenough huko Oxford, pamoja na Koichi Mizushima, lilichapisha kazi juu ya lithiamu kobalti oksaidi, LiCoO2. Hii nayo ni maada ya matabaka. Ukiiweka chini ya eksirei haiko mbali sana na salfaidi za Whittingham. Tofauti yenye uzito ni mbili. Ya kwanza hutajwa na kila mtu: volti karibu 4 badala ya 2. Ya pili hutajwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba LiCoO2 inatoka tanuruni ikiwa imeshajaa lithiamu.

Ukiwa na kathodi iliyojaa, anodi inaweza kuwa tupu. Akira Yoshino wa Asahi Kasei aliliona hilo, na mwaka 1985 aliunganisha LiCoO2 na kaboni ya koki. Hakuna lithiamu metali inayowekwa popote. Lithiamu husafiri kutoka matabaka ya kathodi kwenda matabaka ya kaboni na kurudi. Sony wakaipeleka sokoni mwaka 1991, miaka miwili tu baada ya moto wa Japani. Whittingham, Goodenough na Yoshino walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2019.

Je, Moli wangeweza kuijaza MoS2 lithiamu kabla ya kufunga seli? Kemia inaruhusu: loweka unga katika butili-lithiamu na utapata LiMoS2. Ila hapa volti inalipiza kisasi. Maada inayoshikilia lithiamu kwa takriban volti 2 tu inaishikilia kwa ulegevu, na ikiona maji au hewa yenye unyevu huiachia. LiCoO2, kwa karibu volti 4, inaweza kukaa kwenye debe. LiMoS2 haiwezi. Hata ungefaulu kuitunza, ukiioanisha na grafiti yenye volti 0.1 unabaki na seli ya volti 1.7 hivi, na wakati huo soko lilikuwa limejaa betri za nikeli-kadmiamu za volti 1.2 ambazo hazikuwa na mashaka. Kwa nishati, gramu ya MoS2 inatoa kama miliwati-saa 300 (167 mara 1.8), wakati LiCoO2, hata ikitumia nusu tu ya lithiamu yake, inafika 500 na ushee. MoS2 ilikuwa na maana pale tu ilipokuwa na lithiamu metali mbele yake, na lithiamu metali ndiyo iliyowaka. Kwa hiyo mtu akisema Moli waliteleza katika anodi, sikatai, lakini anodi hiyo waliichagua siku ileile walipochagua kathodi.

Kuna jambo la kando ambalo hunifurahisha. Wakati kampuni inazama, maabara yake ilikuwa ikifanya kazi iliyosaidia washindani kushinda. Rosamaría Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn walichapisha mwaka 1990 utafiti juu ya jinsi lithiamu inavyoingia kwenye kaboni. Walionyesha kuwa ukitumia ethilini kaboneti kwenye elektroliti, utando unajengeka mara moja juu ya grafiti na kuilinda, ilhali kwa propilini kaboneti pekee matabaka ya grafiti yanapasuka na kuchanika. Grafiti ya betri nyingi za leo, yenye miliampea-saa 372 kwa gramu, inasimama juu ya utando huo.

Kutoka matabaka mengi hadi tabaka moja

Ule udhaifu wa LiMoS2 mbele ya maji ulizaa kitu kingine. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, huko Burnaby katika jimbo hilohilo la British Columbia, Per Joensen, Robert Frindt na Roy Morrison waliitumbukiza MoS2 iliyojazwa lithiamu ndani ya maji. Lithiamu iliyo kati ya matabaka ikamenyana na maji, haidrojeni ikafumka humo ndani, na matabaka yakasambaratika moja moja. Hiyo ni miaka 18 kabla ya Andre Geim na Konstantin Novoselov kutenga grafini huko Manchester mwaka 2004. Kwa maneno mengine, tabia iliyoizuia MoS2 kuwa kathodi ya kisasa ndiyo iliyoifungulia mlango wa kuwa maada ya vipimo viwili.

Hoja ya kupunguza tabaka ina mantiki. Muda wa ioni kupenya huongezeka kwa mraba wa unene, hivyo ukipunguza unene nusu, muda unashuka hadi robo. Tabaka moja haina kina cha kupenya kabisa. Na 1T, ile ya kimetali, hupitisha umeme mara milioni kumi hivi kuliko 2H; mwaka 2015 kundi la Manish Chhowalla lilionyesha kuwa matabaka ya 1T yaliyopangwa upya yanafanya elektrodi nzuri sana ya kapasita kuu, kifaa cha kuhifadhi umeme kinachochaji na kutoa haraka kuliko betri. MXene nazo, zilizotangazwa na Chuo Kikuu cha Drexel mwaka 2011 kwa kung'oa alumini kutoka Ti3AlC2 kwa asidi ya haidrofloriki, zimefika farad 900 kwa sentimita ya ujazo katika asidi ya salfuriki. Kwa kazi ya kuchaji na kutoa kwa sekunde chache, sina ubishi.

Betri ni suala jingine. Chukua MoS2 ya tabaka chache inayotangazwa kama anodi yenye miliampea-saa 670 kwa gramu au zaidi. Namba hiyo inapatikana kwa kuvuka ule mpaka wa chini ambao Moli waliukwepa: kila molekuli inapokea lithiamu nne na kuvunjika kuwa molibdeni na lithiamu salfaidi. Ukianza kuitoa lithiamu, sehemu kubwa inatoka karibu na volti 2.2, kwa kuwa sasa unachoendesha ni salfa. Anodi inayotoa lithiamu kwa volti 2.2, ikipewa kathodi ya 3.9, inaacha 1.7. Uwezo umekaribia kuwa mara mbili ya grafiti, volti imepungua zaidi ya nusu, na faida imeyeyuka. Mchoro wa uwezo peke yake hauwezi kukwambia hilo.

Kisha kuna uso. Grafini kamili ina mita za mraba 2,630 kwa gramu. Tuwe wapole, tuseme elektrodi ya vipande vyembamba ina 100 tu zinazogusana na elektroliti, na utando una unene wa nanomita 10. Zidisha: sentimita moja ya ujazo ya utando kwa kila gramu. Gramu ya grafiti yenyewe ina ujazo usiofika nusu sentimita. Utando umeizidi elektrodi, na lithiamu iliyomo kwenye utando haitarudi. Katika chaji ya kwanza grafiti ya kawaida mara nyingi hupoteza chini ya asilimia 10 ya lithiamu. Anodi za vipande vyembamba hupoteza theluthi na kuendelea bila kumshangaza yeyote.

Hasara hiyo hulipwa na nani? Katika maabara nyingi elektrodi mpya hupimwa ndani ya seli yenye umbo la sarafu, ikitazamana na kipande kinene cha lithiamu metali. Lithiamu ni tele, elektroliti ni tele, na kila kinacholiwa hufidiwa kimyakimya. Ni mpangilio uleule wa seli ya Moli, ziada ikificha upungufu. Ndani ya betri kamili hasara hiyo hutolewa kwenye kathodi, na kathodi ikishapoteza theluthi ya lithiamu yake siku ya kwanza, inabaki kuwa mzigo wa kubeba. Kwa hiyo ninaposoma kazi ya elektrodi ya vipimo viwili, huwa natafuta kwanza kama kuna seli kamili, na uwiano wa lithiamu pande mbili. Ikiwa hakuna, ninaisoma kama kazi ya fizikia ya maada, ambayo inaweza kuwa nzuri sana kwa haki yake.

Sehemu ninayoiona ina matumaini zaidi ni nyingine, ambako tabaka jembamba halijaribu kuhifadhi lithiamu hata kidogo. Mwaka 2018 kundi la Chuo Kikuu cha North Texas lilipaka MoS2 yenye unene wa takriban nanomita 10 juu ya lithiamu metali, kisha likaioanisha na kathodi ya salfa. Filamu hiyo hupokea lithiamu, hugeuka kuwa ya kimetali kama ilivyofanya ndani ya seli za Moli, na kuzisambaza ioni sawasawa juu ya uso ili zisikusanyike mahali pamoja. Uso wake ni mdogo, uzito wake ni wa kupuuzwa, na lithiamu inayomeza ni kidogo. Hapa wembamba unalipa. Kinachobaki kuthibitishwa kwa kila filamu ya aina hii ni hali ya lithiamu iliyo chini yake baada ya mamia ya mizunguko, ikiwa karatasi nyembamba isiyo na ziada, pamoja na elektroliti kidogo na kathodi nene, na jaribio la joto likifanywa kwa seli iliyokwisha kutumika.